Nimeirudia nyumba ya Usher, safari hii nimeogopa ufa

Mara ya kwanza nilisoma "The Fall of the House of Usher" ya Edgar Allan Poe nikiwa skuli, kitabu cha kuazima hakina hata jalada. Kilichonitisha ni Madeline, yule dada anayezikwa hai. Juzi nimeirudia kwenye simu, bure, nimejilaza chumba cha juu cha nyumba yetu Mji Mkongwe, masika yanamwaga na ndoo mbili zimetegwa chini ya dari. Madeline hakunishughulisha sana. Ufa ndio ulioninyima usingizi.

Upo mwanzoni kabisa. Msimuliaji anafika na farasi wake, anaona mstari mwembamba umeanzia kwenye paa, umeteremka ukutani kwa kupindapinda mpaka kwenye maji meusi ya ziwa. Anauona, halafu anaingia zake ndani! Zamani niliupita tu. Safari hii niliwasha tochi nikautazama wa kwetu, ule wa juu ya dirisha. Nyumba ya mawe na chokaa ikishavuja juu, maji hushuka ndani ya ukuta, vichwa vya boriti vikaoza humo humo, na kwa nje huoni kitu. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la hapa kwetu, ilijengwa 1883. Disemba 2020 upande mmoja ukaja chini.

Kiingereza chake kizito, cha 1839, sentensi moja unaweza kuvuta pumzi mara tatu. Shairi la katikati nililiruka, na kwa hilo nampa nyota nne. Mama nilipomhadithia kuwa kaka mtu, Roderick, aliazimia kuiweka maiti ya Madeline chini ya nyumba wiki mbili, akanikata: "Wiki mbili? Kwani hawana jamaa hao?"

Lakini usiku wa dhoruba, wallahi, sijasoma mfano wake. Msimuliaji anamsomea Roderick kitabu ili amtulize. Kitabuni mlango unavunjwa, na huko chini ya nyumba mbao zinasikika zikivunjika. Kitabuni joka linalia, na chini kunalia. Kitabu chenyewe Poe kakitunga tu. Nami nasoma mtu anayesoma, huku dari langu likidondoka tone, tone.

Nilimaliza saa nane usiku. Kulipokucha nikampigia fundi. Anasema atakuja mvua zikipungua.