Namba ya Fremu au Herufi za Vipuri?

Umri wa baiskeli ya zamani ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma hutafutwa kwa njia mbili. Namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini, pale inapopita ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedali), ni ya fremu yenyewe, lakini kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, na mingi haisomeki bila kumbukumbu za kampuni hiyo. Herufi mbili za Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, zilizopigwa nyuma ya krenki, ni rahisi zaidi: ya kwanza ni mwaka, kuanzia A ya 1976, na ya pili ni mwezi, hivyo SC ni Machi 1994. Tatizo ni kwamba vipuri hubadilishwa. Mimi huanza na herufi. Zikitofautiana kwa miaka mingi kati ya kipuri na kipuri, huigeukia fremu na kulinganisha umbo la mkono wake wa nyuma, unaoshika gurudumu la nyuma, na katalogi za miaka ile.