Gurudumu la bembea la kadibodi: seti nzuri, ekseli mbovu
Seti hii ya kuunda kichezeo cha gurudumu la wima linalozunguka na viti vya abiria, inayouzwa katikati ya jiji la Nairobi, ina magurudumu mawili ya sentimita 30, viti 8 na nguzo 2. Kadibodi ni ngumu, imekatwa safi. Mtoto wa miaka saba hubandua vipande kwa vidole tu. Kasoro ni ekseli, yaani kijiti cha katikati ambacho gurudumu huzungukia: inasugua kadibodi, tundu linapanuka, gurudumu linayumba. Gundisha kipande cha mrija kwenye tundu, kisha pitisha kijiti cha mshikaki ndani yake. Viti visigundishwe kamwe! Vining'inie kwenye vijiti, matundu yakiwa juu ya katikati ya kiti, la sivyo abiria watapinduka. Gundi nyeupe iachwe usiku kucha, hasa Julai, kwa kuwa baridi huichelewesha kukauka. Maelekezo yalipaswa kuyasema haya.