Mradi wa mwaka wa mwisho au mafunzo kiwandani: kipi kinamfundisha mhandisi biashara zaidi?

Mwanafunzi wa uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akipelekwa kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, anajifunza nidhamu: mashine ikisimama, hasara inahesabiwa kwa saa. Ni somo kubwa, ila fedha si yake na mteja hamwoni.

Mradi wa mwaka wa mwisho ni habari nyingine. Chukua mashine ya kupukuchua mahindi. Mwanafunzi anazunguka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akiulizia bei ya bati, puli na beringi. Anakuta shafti (mhimili unaozunguka) aliyoichora ina kipenyo kisichouzwa, anachora upya. Mkulima akiijaribu anauliza: inakula mafuta kiasi gani? Ikiharibika, nani ataitengeneza? Hapo ndipo biashara inapoanza. Mimi ningeupa mradi uzito zaidi, hesabu ya gharama ipate alama sawa na mchoro.