Boksi la Pokémon 151: Kadi ghali na kadi kali ni vitu viwili

Habari zenu watazamaji wa Arusha, Moshi na popote mlipo. Mezani leo kuna Elite Trainer Box, yaani boksi la pakiti za kadi za mchezo wa Pokémon pamoja na vifaa vyake, ya toleo la 151, lile lililotoka Septemba 2023 na kuwarudisha Pokémon 151 wa mwanzo kabisa. Swali linaloulizwa sana ni hili: nikilinunua hili boksi, naweza kuanza kucheza? Jibu liko wazi, huwezi. Kwa mkusanyaji ni boksi zuri sana, lakini mchezaji anayeanza atabaki na rundo la kadi zisizoungana. Sababu zote mtaziona humu.

Kabla ya kisu, tazameni plastiki ya nje. Nasogeza kamera. Mnaona alama ndogo nyeupe za mpira wa Poké zimechapwa kwenye plastiki yenyewe? Hiyo ni plastiki ya kiwandani. Ukikuta plastiki tupu, imelegea, au pembe zimeunganishwa kwa moto zikaacha uvimbe, uliza maswali kwanza. Boksi linaweza kuwa halisi huku pakiti za ndani zimebadilishwa.

Haya, tumefungua. Kuna pakiti 9, na kila pakiti ina kadi 10 pamoja na kadi moja ya nishati, ile inayolipia mapigo ya Pokémon. Kuna kadi maalum ya Snorlax, kadi 45 za nishati za aina mbalimbali, vifuko 65 vya kuvalisha kadi, dadu 6 za kuhesabia madhara, dadu moja kubwa ya kurusha badala ya sarafu, vialama 2 vya sumu na kuungua, na vigawanyo 4 vya kupangia kadi. Vifuko ni 65 kwa sababu deki halali, yaani rundo la kadi unalochezea, ni kadi 60 kamili, kwa hiyo una 5 vya akiba. Navyo utavihitaji, maana hupasuka kwenye mshono ukichanga karata kwa nguvu.

Bei yake rasmi Marekani ilikuwa dola 49.99, na pakiti moja dola 4.49. Pakiti 9 peke yake ni dola 40 na senti 41, kwa hiyo dadu, vifuko na Snorlax unavipata kwa chini ya dola 10. Hesabu hiyo ni nzuri. Shida ni kwamba toleo hili limetafutwa sana, na wauzaji wengi wanadai zaidi ya bei hiyo. Ukimwagiza ndugu anayerudi na kushuka KIA, mwambie bei rasmi kabla hajaingia dukani.

Sasa tusome kadi. Kona ya chini kushoto kuna herufi ndogo, halafu namba. Hii imeandikwa 006/165: kadi ya sita kati ya 165. Ila toleo hili lina kadi 207. Zile zinazovuka 165 ndizo adimu, na humo ndimo hela ilimolala. Charizard ex yumo mara tatu: 006, ya kawaida, 183, ambayo picha imejaa kadi nzima, na 199, yenye mchoro maalum. Hiyo 199 ndiyo kadi ghali kuliko zote kwenye toleo hili.

Sikilizeni hapa vizuri. Ukiziweka zote tatu mezani, zinafanya kazi ileile. Uhai 330, mapigo yaleyale, udhaifu uleule wa maji. Ile 199 haikupi hata pointi moja ya ziada. Unalipia mchoro na uadimu.

Ongezeni na hili. Yuko Charizard ex mwingine, wa toleo la Obsidian Flames, la Agosti 2023. Naye ana uhai 330, lakini ni wa aina ya Giza, si Moto. Huyo ndiye aliyetawala meza za mashindano. Kisa ni uwezo wake uitwao Infernal Reign: ukimweka kutoka mkononi kwa kumgeuza, yaani kumweka juu ya Pokémon wa hatua ya chini yake, unatafuta kwenye deki hadi nishati 3 za msingi za Moto na kuzibandika kwa Pokémon wako upendavyo. Pigo lake linataka nishati 2 tu, kwa hiyo zamu hiyohiyo yuko tayari na moja inabaki kwa mwenzake. Charizard wa 151 ana pigo la 330, kweli, lakini kila akilipiga anatupa nishati 3, nawe unaruhusiwa kubandika moja tu kwa zamu kwa njia ya kawaida. Akipiga leo, bila msaada wa kadi nyingine atapiga tena baada ya zamu kadhaa. Ndiyo maana wa kwenye fremu ya kioo ni huyu, na wa kwenye deki ni yule.

Swali la sheria linalozua ubishi kila mahali: naweza kuweka wanne wa 151 na wanne wa Obsidian Flames? Hapana. Kikomo cha nakala 4 kinahesabiwa kwa jina. Jina la wote wawili ni Charizard ex, kwa hiyo jumla yao isizidi 4. Lakini Charizard asiye na ex ni jina lingine, huyo anahesabiwa peke yake. Nishati za msingi ndizo pekee zisizo na kikomo.

La pili: ukitumia Rare Candy, kadi ya kuruka hatua ya katikati, kumrusha Charmander, hatua ya kwanza ya Charizard, moja kwa moja hadi Charizard ex, Infernal Reign inafanya kazi? Inafanya, kwa kuwa bado umemtoa mkononi na umemgeuza. Ila Rare Candy haivunji kanuni ya subira. Charmander aliyeshuka zamu hii hageuzwi zamu hii, na kwenye zamu yako ya kwanza ya mchezo hageuzwi mtu yeyote. Wanaojifunzia nyumbani hukosea hapa mno, wakashangaa kwa nini mchezo unaisha kwa dakika tano.

La tatu ni udhaifu. Pigo la Charizard wa Giza ni 180, kisha unaongeza 30 kwa kila kadi ya zawadi aliyokwisha kuchukua mpinzani (zawadi ni zile kadi 6 ambazo kila mchezaji huziweka pembeni mwanzoni na kuzichukua akimwangusha Pokémon wa mwenzake). Jumlisha kwanza, halafu ndipo uzidishe mara mbili kama anayepigwa ana udhaifu wa Giza. Gardevoir ex ana uhai 310 na udhaifu wa Giza. Hata mpinzani akiwa hajachukua zawadi yoyote, 180 mara mbili ni 360. Ameanguka, na wewe umechukua zawadi 2, kwa sababu ex akianguka hutoa mbili. Lakini pigo linalomfikia Pokémon aliyekaa benchi, yaani anayesubiri nyuma ya anayepigana, halihesabu udhaifu. Hilo likumbukwe.

Mchezaji anayetangulia kucheza, zamu yake ya kwanza haruhusiwi kushambulia wala kutumia kadi iliyoandikwa Supporter. Zamu zinazofuata, Supporter ni moja tu kwa zamu.

Turudi kwenye lile la kwa nini boksi hili halikujengei deki. Pakiti 9 ni kadi 90, nyingi zikiwa moja moja. Deki inataka ukikaa mezani upate unachokihitaji. Kadi uliyonayo nakala 4 ina nafasi ya asilimia 40 kuwemo kwenye kadi 7 za mwanzo. Nakala 2, asilimia 22. Nakala 1, asilimia 12 hivi, na juu yake kuna asilimia 10 kwamba imejifungia kwenye zawadi zako 6. Sasa fikiria umepata Charizard mmoja na Charmander mmoja. Utamwona mezani lini?

Idadi ya Pokémon wa msingi, wale wanaoshuka mezani bila kugeuzwa, nayo ina hesabu yake. Ukiweka 10, karibu mara 26 kati ya 100 utaanza bila hata mmoja mkononi: unaonesha kadi zako, unachanga upya, na mpinzani anaruhusiwa kuchukua kadi moja ya ziada. Ukiweka 15, inashuka hadi 12 hivi. Deki ngeni nyingi hufia hapo kabla hazijapiga hata pigo moja.

Kwa hiyo anayetaka kucheza anunue kwanza deki iliyopangwa tayari. League Battle Deck bei yake rasmi ni dola 29.99 na ina kadi 60 za kuanzia. Kisha nunua kadi moja moja unazozihitaji. Mfano mzuri umo humuhumu 151: Mew ex, namba 151/165. Uhai 180, kurudi benchi hakumgharimu nishati, na uwezo wake unakuongezea kadi hadi mkononi zifike 3. Ni kadi ya kazi kweli, na hii ya kawaida ni nafuu mno ukiilinganisha na ile ya dhahabu, 205/165, yenye maandishi yaleyale.

Ile herufi ya kona: kadi za 151 zina G. Kwenye mashindano rasmi ya Standard, yale yanayoruhusu kadi za karibuni tu, herufi za zamani huondolewa. F ilitoka Aprili 2025, na G ilipangiwa kuifuata mwaka 2026. Angalia orodha halali kabla ya kutumia hela kwa ajili ya mashindano. Mkicheza wenyewe kwa wenyewe Njiro au Kiboriloni, kubalianeni tu. Usitupe ile kadi ndogo yenye msimbo iliyomo kwenye kila pakiti; inaingia kwenye Pokémon TCG Live, inayochezwa bure kwa simu, na kwa asiye na mpinzani mtaani huko ndiko pa kufanyia mazoezi.

Kadi bandia. Zile za dhahabu tupu zinazouzwa kwa furushi pamoja na midoli, zote ni bandia, hata mtoto akizipenda. Kwa zinazofanana zaidi, fanya hivi: weka kadi yenye mchoro maalum chini ya mwanga wa pembeni uipitishe taratibu, halisi ina mistari midogo ya kushikika kama alama za vidole, bandia nyingi ni laini kama kioo. Tazama ukingo: karatasi halisi ina utepe mwembamba mweusi katikati. Linganisha bluu ya mgongo na kadi unayoiamini, bandia mara nyingi hupauka. Usipime kwa kuchana wala kukunja.

Bei utaijua kwa kutazama zilizouzwa, si zinazotangazwa. Masoko ya mtandaoni ni mawili: TCGplayer ni la Marekani, Cardmarket la Ulaya. Kisha uwe mkweli kuhusu hali ya kadi: pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Doa jeupe kwenye pembe moja linatosha kuishusha.

Na kwetu adui wawili ni vumbi na masika. Vumbi likiingia ndani ya kifuko linakwaruza uso kila unapochanga, kwa hiyo futa meza na tandika kitambaa safi, usichezee juu ya nailoni yenye mafuta. Masika, Machi hadi Mei, kadi zenye kung'aa hujipinda kama kigae, kwa kuwa karatasi inanyonya unyevu na tabaka la kung'aa halinyonyi, upande mmoja unatanuka na mwingine umegoma. Ziweke kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Usizinyooshe kwa pasi, utayeyusha tabaka.

Ukituma kadi kwa basi kutoka Moshi kuja Arusha, ivalishe kifuko, iingize kwenye kifuko kigumu cha plastiki, funga mdomo kwa utepe wa karatasi wenye gundi isiyong'ang'ania, kisha ibane kati ya vipande viwili vya boksi vilivyo vipana kuliko kadi. Kadi ina milimita 63 kwa 88. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 13, ili pembe zisiguswe na kamba ya mzigo.