Fundi aliyenifungia ethi kwenye mabomba, uzoefu wangu

Mwanangu ndo alianza kuniambia "mama, bomba linauma", nikadhani utoto tu, mpaka siku nimetoka kuoga miguu imelowa nikashika koki nikasikia mkono unachonyota hadi kwenye kiwiko. Aisee nilienda kuzima meni swichi nikitetemeka, nikatafuta fundi umeme mwingine, sio yule aliyenifungia umeme mwanzo.

Huyu kabla hajafungua chochote alitoa mita, ncha moja kwenye koki nyingine kwenye chuma cha dreni pale sakafuni, hita ya maji ikiwa imewashwa ikasoma volti 58, akizima hita inashuka karibu na sifuri. Kumbe elementi ya hita imepasuka na umeme unavujia kwenye maji. Sasa ulitakiwa ukimbilie ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, breka ianguke, ila ethi haipo! Yaani ethi ya nyumba nzima ilifungwa kwenye bomba la chuma linaloingia kutoka nje, halafu fundi bomba alipokuja kutoa kipande kilichooza akaweka cha plastiki, na plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo njia ya kwenda ardhini ilikatika na sisi hatujui, maji yanatoka vizuri na taa zinawaka kama kawaida.

Kabadilisha elementi, kapigilia rodi ya shaba chini, kavuta waya wa kijani na njano wa 10 mm toka kwenye ethi kuu mpaka kwenye bomba, tena akakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa ndo akafunga klampu, nimependa sana hapo. Pale penye plastiki akaruka na waya kuunganisha chuma cha huku na cha kule. Nikamuuliza kama rodi ipo bomba la nini tena? Akanielewesha kwamba kuunganisha mabomba ni ili koki, hita na vyuma vyote vya bafuni viwe na volti sawa, ukishika viwili kwa pamoja umeme usipite mwilini. Rodi peke yake mara nyingi haipitishi umeme wa kutosha kuangusha breka ya kawaida, ndo maana akaongeza na RCD ya miliamp 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja hata kidogo. Mwisho kapima toka kwenye ethi kuu hadi koki, omu 0.03, yaani umeme unapita bila kizuizi cha maana, nimeona kwa macho yangu.

Lawama yangu ni moja tu, hakuweka lebo kwenye klampu, nimeandika mwenyewe kwa maka pen USIFUNGUE. Na juzi fundi bomba alivyorudi kubadilisha koki ya jikoni nilimpeleka kwanza akaione klampu ndo nikamruhusu ashike spana.