Uzoefu wangu na ujumbe wa sauti wa WhatsApp katika utani wa jamaa

Nimekuwa mtumiaji wa WhatsApp kwa miaka mingi hapa Mji Mkongwe. Kwa shughuli kama kuuliza bei, kupokea taarifa za maziko na kupanga safari za boti kwenda Pemba sina mengi ya kusema, kwani karibu programu yoyote ya meseji ingeziweza. Ninachotaka kukitathmini ni kazi moja ambayo naiona kubwa kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kubeba utani wa jamaa waliotawanyika. Katika kazi hiyo, baada ya kutumia kila kilichomo ndani ya programu hii, yaani maandishi, emoji, stika, picha na klipu, nimefikia uamuzi kwamba ujumbe wa sauti, ule tunaouita voisi, hauna mshindani.

Huduma hii ya sauti iliingizwa mwezi Agosti 2013. Mwaka 2021 msikilizaji aliwezeshwa kuongeza kasi hadi mara moja na nusu au mara mbili, na mwezi Machi 2022 zikatangazwa hatua mbili ninazozishukuru hasa: msemaji anaweza kusitisha kurekodi kisha akaendelea, na anaweza kujisikiliza kabla ya kutuma. Wakati huohuo kampuni ilieleza kwamba watumiaji wake walikuwa wakituma wastani wa jumbe za sauti bilioni 7 kwa siku. Ujumbe wa dakika nzima hauli bando kama klipu ya video, jambo ambalo kwa wazee wanaonunua bando la siku moja moja si dogo.

Kundi letu la ukoo lina watu wa Unguja, wa Wete, wa Dar es Salaam na wa Maskati, na ndani yake zimo ngazi zote za heshima na za utani kama zilivyo katika nyumba nyingi za Kizanzibari. Baba na ami hawataniwi ovyo. Bibi na mjukuu, kwa upande wao, wana ruhusa pana: mjukuu wa kiume huitwa mume, na mke anayemuoa huhesabiwa mara moja kuwa mke mwenza wa bibi. Baada ya ndoa yangu, bibi yangu wa Wete alituma voisi kwenye kundi. Alianza kwa salamu ndefu, akawauliza hali watu wa kila mji, kisha akasema: “Mume wangu, nimesikia huyo mke mwenzangu kajifunza kupika urojo.” Akanyamaza. Katika kimya kile walisikika kuku wa uani, na kengele ya baiskeli ikapita njiani. Halafu akamalizia kwa sauti ya upole kabisa: “Basi mwambie ajifunze na kukosha vyungu, maana zamu yangu imekwisha.” Alianza kucheka yeye mwenyewe, na ujumbe ukakatika humo humo ndani ya kicheko.

Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Morogoro na hakuwa amewahi kukutana na bibi, aliurudia ujumbe ule jioni nzima na kumjibu kwa sauti vilevile, akidai kwamba zamu haiwezi kwisha kabla ya makabidhiano ya vyungu mbele ya mashahidi. Binamu yangu wa Dar es Salaam, aliyekuwa kazini na hakuweza kusikiliza, aliomba aandikiwe kilichosemwa, na mtu akamwandikia maneno yaleyale neno kwa neno. Alipoyasoma aliona amri ya mzee mkali kwa mke mgeni, akanipigia simu kwa wasiwasi kuniuliza kama nyumbani kuna ugomvi.

Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa utani, aliueleza kuwa ni hali ambamo mila inamruhusu mtu, na pengine inamlazimu, kumfanyia mwenzake kejeli, na mwenzake huyo analazimika kutochukizwa. Ninayathamini maelezo haya kwa sababu yanauweka uzito mahali unapostahili. Kinachoyafanya maneno ya bibi yawe utani ni idhini iliyopo baina ya watu wawili, na idhini hiyo hujitokeza katika uso, katika mkono unaomgusa mwenzako begani, katika namna neno linavyovutwa. Simu inauondoa uso na mkono. Voisi inaubakisha angalau mvuto wa neno, na kwa wasemaji wa lahaja za visiwani, kuanzia Kipemba na Kitumbatu hadi Kimakunduchi, mvuto huo una kazi kubwa.

Upo ushahidi wa kisayansi unaokubaliana na hili, na nilipousoma sikushangaa. Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani, wakiongozwa na Justin Kruger na Nicholas Epley, walichapisha utafiti ambao washiriki walituma sentensi za kweli na za kejeli, wengine kwa barua pepe na wengine kwa sauti. Watumaji walitarajia kwamba wenzao wangeitambua nia yao kwa takriban asilimia 78, iwe kwa maandishi au kwa sauti. Waliosikiliza walipatia kwa takriban asilimia 73. Waliosoma walipatia kwa asilimia 56 tu, ambayo haiko mbali na kubahatisha. Nadhani magomvi mengi ya makundi ya ukoo, yale ambayo watu huyaeleza kwa tabia mbaya au kwa fitina, yanaanzia hapa: mwandishi anaisikia sauti yake mwenyewe kichwani wakati anaandika, na anaamini kwamba msomaji naye anaisikia.

Kuhusu stika, ambazo ziliingia mwezi Oktoba 2018, nina heshima nazo katika siku maalumu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1, kundi letu lilifurika viganja vya vidole vitano vya kila aina. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo lina maana yake kamili, kwa kuwa mpira unafungua mlango ambao nasaba imeufunga: hata ami yangu, mtu wa heshima ambaye hakuna kijana wa kumtania kwa jambo lolote, siku ile alitumiwa viganja na wapwa zake wadogo, yeye akiwa ni Simba wa tangu utotoni. Lakini kufikia magharibi kila mtu alikuwa amekwisha kuiona kila stika, maana zilezile zilikuwa zikitoka kundi hadi kundi, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Baada ya sala ya isha ami alituma voisi. Kwanza ilisikika pumzi ndefu. Akakohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kutoa hotuba ya harusi. Kisha akauliza kwa utulivu mkubwa: “Jamani, huko Darajani mchele umepanda bei, au mimi tu ndiye ninayeona hivyo?” Kundi zima lilirejea uhai. Laiti angeliyaandika maneno hayo, nina yakini kwamba mtu mwema angelimjibu kwa bei ya kilo.

Mtafiti wa Marekani Robert Provine, aliyechunguza kicheko katika mazungumzo ya kawaida, aligundua kwamba sehemu kubwa ya vicheko hufuata maneno yasiyo na kichekesho chochote ndani yake, na kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Mtu aliyekaa barazani Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe, akinywa kahawa chungu atayathibitisha haya kwa kusikiliza tu. Watu hucheka kwa sababu wako pamoja, na swali la bei ya mchele linatosha. Voisi inalileta hilo karibu zaidi kuliko emoji ya machozi ya furaha, kwa kuwa kicheko cha msemaji kimo ndani yake na kinamvuta msikilizaji.

Kasoro kubwa niliyoiona inatokana na watumiaji wenyewe. Jamaa mmoja aliichukua voisi ya kumtania shemeji yake kuhusu mahari, akaisambaza kwenye kundi la watu wa kazini kwake, na huko ikasikilizwa na watu wasiojua nani ni nani. Shemeji yule aliumia, nami naona alikuwa na haki. Utani wetu una mipaka ya watu, ya mahali na ya siku. Katika Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya kule Makunduchi, kila mwezi Julai, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba na kuyamaliza ya mwaka uliopita, na hakuna anayedhani kwamba ruhusa hiyo inamfuata mtu sokoni kesho yake. Alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, iliyoanza mwaka 2018, inamwambia msikilizaji kwamba ujumbe umetoka kwingine, lakini haimwambii ulikuwa wa nani kwa nani. Tangu Desemba 2023 mtu anaweza kutuma sauti ya kusikilizwa mara moja tu, isiyosambazika, na kwa utani wa mashemeji ndiyo ninayoipendekeza.

Kuhusu ile kasi ya mara mbili, naiona inafaa kwa taarifa za vikao na michango. Kwa voisi ya mzee haifai, kwa sababu inaubana ukimya, na mara nyingi kichekesho chenyewe kimo katika ukimya. Wapo pia wasiohudumiwa kabisa na sauti: jamaa zetu viziwi, na mtu aliyeko darasani au zahanati akisubiri zamu. Katika kundi letu tumekubaliana kwamba anayetuma voisi ya habari muhimu aandike chini yake mstari mmoja wa muhtasari, na kwamba utani hauandikiwi muhtasari kabisa. Asiyeweza kuusikia wakati huo ataelezwa ana kwa ana, au kwa ishara, na mtu anayemjua.

Kwa wanaoanza, ushauri wangu ni kutelezesha kitufe cha maikrofoni juu ili kirekodi bila kushikwa, kisha kuiweka simu mezani na kuzungumza kama mtu aliyekaa na wenzake. Voisi unazotaka kuzihifadhi zitie alama ya nyota, kwani sauti haitafutwi kwa neno kama maandishi, na baada ya miezi michache utapekua sana kabla ya kuipata ile ya vyungu.