TAHADHARI: Muuzaji wa tairi kubwa za porini hapa Dar, gari likitikisika anakutuma kwa "fundi wake"

Wakuu, poleni na majukumu. Wenye Prado, Hilux, Hardtop, Patrol na Jimny, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Kuna muuzaji hapa mjini anatangaza mtandaoni tairi za kashata (meno ya tairi) kubwa, hasa saizi 285/70R17. Anasema ni mpya, zimeingia kutoka Dubai, na bei yake ni karibu nusu ya dukani. Duka hana. Anakuelekeza kwenye gereji moja upande wa Ilala, mnalipana kwa simu, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hakuna. Mdogo wangu kafunga kwake tairi nne na rimu kwenye Prado, na mpaka naandika hapa hela haijarudi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Akimaliza kufunga anapanda na wewe mkajaribu gari, mnazunguka Uhuru na Msimbazi kisha mnarudi. Foleni mwanzo mwisho, spidi 30 au 40, gari limetulia, unaridhika, unamalizia malipo. Sasa tairi mbovu ya aina hii huanza kujitangaza kwenye spidi 80 kwenda juu, na spidi hiyo mjini huipati. Dogo aliipata akielekea Chalinze. Usukani ukaanza kucheza mikononi, kioo cha pembeni kikatetemeka mpaka gari la nyuma halionekani vizuri. Akishuka hadi 70 linatulia, akipandisha linaanza upya.

Ukimpigia simu anakuwa mpole ajabu. "Bosi wangu, tairi hazina shida, sasipensheni yako ilikuwa imechoka, tairi kubwa zimeonyesha tu. Nenda kwa fundi wangu." Huyo fundi anakuorodheshea shokapu, boljointi na tai rodi (viungo vya magurudumu na usukani), na bushi, na kila spea anayo yeye. Mwenye Hardtop mmoja tuliyemkuta na shida hiyo hiyo kauziwa steringi dampa mpya. Dampa inazuia mtikisiko usifike sana mkononi, chanzo kinabaki kilivyo na kinaendelea kula bushi na beringi. Hapa ndipo roho inaponiuma, maana mtu anaibiwa kwenye tairi, halafu anaibiwa tena kwenye matengenezo ambayo gari halikuyahitaji.

Tulipeleka Prado kwa fundi mwingine huko Tegeta, mzee mtaratibu. Hakugusa shokapu wala bushi. Kwanza aliosha ndani ya rimu, kwa sababu tope likigandia humo baada ya mvua linatosha kabisa kutikisa gari. Hapakuwa na tope. Akahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, akatuambia tuende barabarani. Mtikisiko wa usukani ukapungua, ukahamia kwenye kiti. Kama ingekuwa tai rodi au boljointi, ungebaki pale pale kwenye usukani. Tatizo likihama na tairi, ni la tairi au rimu.

Kisha akapiga jeki, akaweka kipande cha waya juu ya tofali, ncha ikiwa karibu kugusa kashata, akazungusha tairi kwa mkono taratibu. Pengo likawa linafunguka na kufunga. Akasogeza waya kwenye ukingo wa rimu, rimu ikazunguka imenyooka. Kwa hiyo tairi yenyewe haikuwa duara. Hii wengi hawaijui: mashine ya balansi inapima uzito, haiwezi kunyoosha umbo. Ndiyo maana tairi zile zilikuwa zimepachikwa vipande vingi ajabu vya risasi vya kusawazisha uzito, mashine inasoma sifuri, na barabarani gari bado linatetemeka.

Tukazivua, tukaziangalia kwenye mwanga. Zilikuwa tairi chakavu zilizochongwa upya. Ndani ya mifereji ya tairi mpya kuna vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha kikomo cha kuisha, urefu wake milimita 1.6. Kwenye zile vimekatwa na kisu, na sehemu moja kimeingia ndani sana mpaka waya wa chuma unachungulia. Juu yake wamepaka rangi nyeusi. Tarehe ya kutengenezwa imesagwa kwenye tatu, ya nne wameisahau: 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Kumbuka namba kamili ya DOT (ile ya utambulisho iliyochapwa ubavuni) yenye tarakimu hizo nne mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, na jamaa hufunga upande huo ukiangalia ndani. Inama uchungulie.

Rimu nazo zilikuwa na lake. Nati za rimu za kiwandani za Toyota zina shingo na washa bapa, wakati rimu nyingi za kununua zinataka nati zenye ncha ya koni. Muuzaji kakaza na zile zile za zamani za kiwandani. Rimu haikai katikati ya habu (kitovu inapofungwa rimu), na nati zinaweza kulegea ukiwa safarini. Hilo ni la kuua mtu.

Sisemi sasipensheni haihusiki kamwe. Kwenye Hardtop, Patrol ya zamani na Jimny, zenye ekseli moja nzima mbele, gari likigonga shimo kisha usukani ukaanza kupiga kwa nguvu kulia na kushoto, kagua bushi za panadi rodi (chuma kinachozuia ekseli isiyumbe pembeni) na beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia). Tairi nzito huzimaliza mapema. Lakini anza na tairi na rimu, kuzikagua ni bei rahisi.

Jingine ambalo hakuambii: kutoka 265/65R17, saizi ya kawaida ya Prado nyingi, kwenda 285/70R17 tairi inakua kwa karibu asilimia 7. Mshale wa spidi ukisoma 50, unakwenda kama 53, na trafiki wa tochi hatasikiliza maelezo ya saizi ya tairi.

Mliokwisha kununua kwake, msizitupe. Pigeni picha pande zote mbili za kila tairi, tunzeni meseji za malipo, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) na polisi. Sisi tumeshaanza, na tukiwa wengi itakuwa vigumu kutupuuza. Namba yake ya simu kaibadilisha, sasa anatangaza saizi za Jimny kwa jina jingine, picha ni zile zile. Ukikutana na tangazo la namna hiyo, dai picha ya tarakimu nne za DOT kwa kila tairi kabla ya kutuma hata hela ya bodaboda.